Unataka kuweka PoE (umeme unaopita kwenye waya wa netiweki) na swichi zako ni za kawaida? Cheki haya kabla hujaenda dukani

Hali ni hii, swichi ofisini (vile visanduku vinavyogawa netiweki) bado nzima kabisa, zinapiga kazi mwaka wa sita huu, halafu bosi kaleta kamera nane na akses pointi mbili (za kurusha WiFi) za kuweka darini na anataka zote zipate umeme kwenye waya huohuo wa netiweki. Swichi usitupe. Haijui kutoa umeme lakini data inapitisha vizuri tu, kwa hiyo umeme unauingiza katikati kwa injekta, kijisanduku cha kuchomeka kwenye soketi ya umeme: waya wa swichi unaingia upande wa data, unaotoka upande wa PoE ndo unaenda kwenye kamera. Mimi kazi za hivi nimefanya nyingi na swichi sio iliyonipa shida, shida ilikuwa waya uliomo ukutani.

So anza na waya. Kuna waya umejaa mtaani, boksi limeandikwa Cat6 (daraja la waya wa netiweki) na bei imekaa vizuri, ukiushika ni mwepesi, kwangua kidogo kwa kisu ndani unakuta weupe, hiyo ni aluminiamu imepakwa shaba juu. Data utapita nayo, umeme ndo kasheshe, maana ukinzani wake ni zaidi ya mara moja na nusu ya shaba tupu, volti zinapotelea njiani na waya unapata moto hasa ikiwa nyaya nyingi zimefungwa pamoja kama kuni. Kamera itawaka mchana fresh, ikifika saa moja usiku taa zake za infraredi zinawaka, inakula umeme zaidi, inazima, inawaka, inazima tena, na mteja anakupigia anasema kamera yako mbovu. Kama ndo waya huo uliomo ukutani mpe bosi bei ya kuvuta shaba tupu mapema, kabla hujagusa kitu.

Halafu fungua soketi ya ukutani uone fundi aliyepita alifanya nini. Kuna tabia moja ya kubana matumizi, waya mmoja una pea nne (nyaya ndogo mbilimbili zilizosokotwa), fundi anazigawa, pea mbili kompyuta hii na pea mbili ile. Injekta nyingi za bei ya chini zinapitisha umeme kwenye pini 4, 5, 7 na 8, na hapo hizo pini aidha hazijafungwa au ziko kwa jirani. Utabadilisha injekta tatu bila kujua kwa nini haiwaki. Urefu nao usisahau, ni mita 100 toka swichi mpaka kwenye kifaa, injekta ikiwa katikati haianzishi hesabu upya.

Sasa wati. Geuza kila kifaa usome kibandiko cha nyuma, chukua ile namba ya juu kabisa, sio ya mchana. PoE ya zamani, standadi ya 802.3af ya 2003, inatoa wati 15.4 kwenye poti na kifaa kinahakikishiwa 12.95 maana nyingine inaliwa na waya. 802.3at ya 2009 ni wati 30, inayofika ni 25.5. Kamera za kawaida af inatosha, akses pointi za kisasa na kamera za kuzunguka ziangalie vizuri, nyingi zinataka at na zaidi. Tuseme kamera nane za wati 7 ni 56, akses pointi mbili za 13 ni 26, jumla 82, basi usinunue injekta ya poti nyingi yenye uwezo wa 90 ukajisifu imetosha, chukua ya 120. Na kama akses pointi ni za gigabiti hakikisha injekta nayo ni ya gigabiti, zile za kuokota nyingi zinaishia megabiti 100.

Hapa naomba usome polepole, kuna PoE inayouliza na isiyouliza. Inayofuata hizo standadi inapima kwanza upande wa pili kama kuna kifaa kinachotaka umeme, kisipokuwepo haitoi. Isiyouliza, zile za volti 24 au 48 zinazokuja na antena za masafa marefu, inasukuma tu muda wote. Mimi nilishachomeka waya wa 48 kwenye printa ya mteja kwa haraka zangu, poti ikafa palepale na nikailipa. Toka siku hiyo waya zenye umeme naziwekea utepe mwekundu pande zote mbili.

Kingine ni soketi za umeme za kwenye raki, lile kabati la swichi. Injekta kumi za poti mojamoja zinataka soketi kumi, ndo unaanza kuona ekstensheni imechomekwa kwenye ekstensheni. Vifaa vikizidi vinne hivi mimi naona bora ununue swichi ndogo ya PoE uiunge kwa waya mmoja kwenye ile ya zamani, na ukichukua ya kumeneji, yaani ya kuongozwa kwa kompyuta, unaweza kuzima na kuwasha kamera iliyoganda ukiwa nyumbani, injekta itabidi uende mwenyewe ukachomoe.

Na UPS, ile betri ya akiba umeme ukikatika, ipigie hesabu upya, sababu mwanzo ilikuwa inabeba swichi peke yake, sasa inabeba na kamera zote. Betri ya volti 12 ya 7Ah ni kama watt-saa 84, mzigo wa wati 100 kwenye karatasi ni dakika 50, kiuhalisia inazima mapema sana kuliko hapo. Umeme ukikatika saa mbili usiku ndo muda huohuo unaozihitaji kamera, kwa hiyo mwambie bosi bei ya betri siku ileile unayompa bei ya injekta, ukimwambia baadae hataelewa.