Kabla hujaingiza video ya harusi kwenye kompyuta

Video ikitoka na ukungu, wengi huilaumu hatua ya mwisho, ile ya kutoa faili. Mara nyingi picha ilishaharibika kabla hata kipande cha kwanza hakijakatwa.

Anza na chanzo. Mjomba aliyerekodi maharusi wakiingia ukumbini akikutumia kipande hicho WhatsApp kama video ya kawaida, kimeshabanwa njiani, na kilichotupwa hakirudi. Mwombe akitume kama dokumenti, au azima simu yake uchomeke waya. Kadi ya kamera inakili folda nzima kwenye diski mbili, na usiifute mpaka uwe umefungua nakala zote mbili ukaziangalia. Diski iliyofomatiwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga mafaili, haipokei faili la GB 4 au zaidi. Ifomati iwe exFAT ingali tupu.

Kinachowatesa watu zaidi ni fremu, yaani picha moja moja zinazounda video. Umeme wa Tanzania na Kenya ni wa Hz 50, ndiyo maana tunarekodi kwa fremu 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila fremu) ya sekunde 1/50, taa za ukumbini zisipepese. Simu nyingi hurekodi 30, tena si 30 kamili: idadi hupanda na kushuka, hasa mwanga ukififia. Ukizichanganya hivyo hivyo, mwendo unakwamakwama, na mdomo wa mchungaji unaweza kuachana na sauti yake. Mwenye iPhone mwambie mapema awashe fomati za PAL kwenye mipangilio ya kamera, apate 25. Vipande vilivyokwisha kurekodiwa vipitishe kwenye HandBrake, programu ya kubadilisha fomati za video, kwa ubora wa juu, uchague fremu zisizobadilika. Ni kubana mara nyingine, lakini hasara yake ni ndogo kuliko ya hotuba isiyolingana na midomo.

Mradi nao uuwekee fremu 25 kabla ya kuburuta chochote. Programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve, kwa mfano, ukishaingiza video hukuzuia kubadilisha fremu za mradi. Video ya 3840 × 2160 ndani ya mradi wa 1920 × 1080 inakupa nafasi ya kusogeza picha karibu mara mbili bila kupoteza. Kinyume chake hakuongezi chochote, ni kujaza diski tu.

Kompyuta ikiwa nzito, hariri kwa nakala nyepesi, yaani proksi, ila hakikisha faili la mwisho linatolewa kutoka video halisi.

Panga pia nafasi ya matokeo. Kwa 1080 ya kawaida YouTube hupendekeza megabiti 8 kwa sekunde. Mimi hupeleka 20 kwa H.264, njia ya kawaida ya kubana video, kwa sababu wao wataibana tena. Saa moja hapo ni kama GB 9. Nakala kuu ya ProRes 422, fomati ya kuhariria isiyobana sana, hufika kama GB 55 kwa saa, na naiona inastahili: familia ikirudi mwaka kesho kutaka kipande kifupi, utakikata humo, si kwenye video iliyopakuliwa mtandaoni.

Kabla ya kutoa yote, toa sekunde 30 za pale pagumu zaidi, watu wakicheza kwenye moshi na taa za rangi, uzitazame kwenye televisheni kubwa. Mwendo wa haraka ukivunjika vibokisi, ongeza megabiti.