SOMO: Kinga ya meno ya ndondi, kuikalisha na kuitunza

Kinga inayolegea mdomoni inamchosha bondia. Anaishikilia kwa kuuma, taya linauma mapema, na akiachama tu inadondoka. Usiwe na haraka hapa. Naeleza ile ya kuchemsha na kuuma.

1. Ijaribu kabla ya kuichemsha. Ikikutia kichefuchefu, punguza ncha za nyuma kwa mkasi, kidogo kidogo.

2. Chemsha maji, epua, zamisha kinga sekunde 20 hadi 30. Maelekezo ya pakiti yakisema tofauti, fuata hayo. Ikizidi inajikunja.

3. Ichovye kwenye maji baridi mara moja tu, usiungue fizi. Simama mbele ya kioo, ivishe meno ya juu, uma kwa nguvu ya wastani, fyonza hewa na maji yote, huku vidole vikiibana kwa nje kupitia midomo na mashavu. Nusu dakika inatosha.

4. Itie maji baridi ikaze. Ivae, achama. Ikianguka, rudia hatua ya 2.

Kila ukitoka mazoezini ioshe kwa mswaki, sabuni na maji baridi, ikauke, uiweke kwenye kasha lenye matundu. Jua kali na maji ya moto vinaiharibu umbo. Ikichanika, nunua nyingine.

MASWALI

– Kocha, nimepata nyekundu kwa bei nzuri. Nichukue?
Acha. Ndondi za ridhaa haziikubali, kwani refa ataichanganya na damu.

– Mwanangu ana miaka 10, bado anabadilisha meno.
Mama, ikague kila jino jipya linapoota. Ikianza kubana, abadilishiwe. Akiwa na waya za meno, mpeleke kwanza kwa daktari wa meno.

– Naweza kuazima ya mwenzangu?
Hapana kabisa. Ina mate, pengine na damu, na imefuata meno yake.

– Jino likitoka zima?
Lishike sehemu nyeupe, usiguse mzizi wala kuusugua. Likiwa na uchafu, lisuuze sekunde chache tu. Jino la ukubwani lirudishe kwenye tundu lake, uume kitambaa safi. Ukishindwa, litumbukize kwenye maziwa. Kimbia kwa daktari wa meno, ikiwezekana ndani ya nusu saa. Jino la utotoni lisirudishwe, ila mtoto naye apelekwe akaangaliwe.