Benki imeshusha limiti ya kredit kadi yako? Soma hii kabla hujakopa kwingine

Mwaka jana mwezi wa tisa nilikua kwa duka yangu ya kuprinti hapa Kisumu, karibu na Oginga Odinga Street, naagiza vipuri vya mashine kutoka China, shilingi 46,000 hivi, kadi ikakataa. Nikajaribu tena ikakataa, nikadhani ni intaneti, nikawasha data ya simu nikajaribu mara ya tatu, wapi. Kupigia benki nikaambiwa, "Madam, limiti yako ilirekebishwa." Limiti ndio kiwango cha juu benki inakuruhusu kudaiwa kwa kadi, yangu ilikua 150,000, wameiteremsha hadi 80,000, na mimi tayari nilikua nimetumia 78,000. Meseji walikua wametuma siku 12 kabla, imekaa hapo katikati ya meseji za bahati nasibu na ofa za supamaketi, sikuiona.

Nimeona hii kitu ikipata watu wengi tangu hapo, walimu, wenye maduka, wafanyikazi wa kaunti, na karibu kila mtu akishtuka anakimbilia mkopo wa simu azibe lile pengo. Tafadhali usifanye hivo. Nilikua nimeshafungua apu nikitaka elfu 30, ni shemeji yangu wa Kakamega anayefanya kazi kwa sacco alinizuia, akaniambia, "Shem, saa hii ndio benki inakuangalia kuliko siku zote, na mkopo mpya utaonekana."

Siku hio hio, kabla hujaenda kugombana na mtu, jua deni lako liko wapi. Fungua apu ya benki uangalie mambo matatu: limiti mpya ni ngapi, umetumia ngapi, na malipo gani yanajikata yenyewe kila mwezi kwa hio kadi. Hayo ya mwisho watu wanayasahau kabisa. Mimi nilikua na programu ya michoro na hosting ya tovuti, zote zinajikata tarehe 3, zingekataa na kazi za wateja zingekwama. Nilihamisha hosting kwa kadi ya kawaida, ile programu nikaisimamisha mwezi mmoja.

Alafu piga hesabu ya riba, hii ni muhimu sana na hakuna mtu aliniambia. Chukulia kadi yako inatoza asilimia 3 kwa mwezi na una deni la 78,000, riba ni 2,340. Jumlisha, ni 80,340. Kumbe hujanunua hata sukari na tayari umepita limiti ya 80,000, na kadi nyingi ukipita limiti kuna faini yake. Kwa hivyo hata kama huna pesa, tafuta elfu tatu ama nne uilipe kabla stetimenti haijatoka, ndio upate nafasi ya kupumua. Kama wamekushusha hadi chini ya deni lenyewe, yaani unadaiwa 78,000 na limiti sasa ni 60,000, piga simu siku hio uulize watakutoza faini ya kupita limiti ama la, na uombe mpango wa kulipa hio tofauti polepole. Omba wakuthibitishie kwa maandishi. Simu ikikatwa hakuna ushahidi.

Na usiende ATM kutoa cash kwa hio kadi eti kabla hawajashusha tena. Kutoa cash kwa kredit kadi kuna ada yake na kwa kawaida riba inaanza kuhesabiwa siku ile ile, hakuna zile siku za bila riba unapata ukinunua kitu.

Sasa kwa nini wameshusha? Sababu ziko nyingi lakini hizi ndizo nimekutana nazo. Mshahara umeacha kupitia kwa hio benki, labda umehamisha kwa sacco ama umebadilisha kazi, benki haioni tena pesa ikiingia. Ama kila mwezi unalipa ile kiwango cha chini tu, na deni halishuki. Ama kadi umeiweka kwa droo mwaka mzima hujaitumia. Ama kuna kitu kibaya CRB, yaani zile kampuni zinazoweka rekodi ya vile kila mtu analipa mikopo. Wakati mwingine si wewe, ni benki yenyewe inapunguza hatari kwa wateja wote, juu mikopo isiyolipwa vizuri imekua mingi, mwisho wa 2024 ilikua zaidi ya asilimia 16 ya mikopo yote ya mabenki Kenya.

Ndugu zangu wa kaunti, nyinyi mko na shida yenu hapa. Pesa ikichelewa kutoka hazina kuu mnakaa bila mshahara, alafu ya miezi miwili inaingia pamoja, na kompyuta ya benki haijui mambo ya serikali, inaona tu mtu ambaye mwezi fulani hakuingiza kitu na kadi akalipa kwa kuchelewa. Kama ni hivo, chukua payslip za miezi sita na barua kutoka ofisi ya mshahara inayosema mlichelewa kulipwa. Jamaa mmoja wa Nakuru alipeleka hio barua na wakamsikiza.

Kitu kinafuata ni ripoti ya CRB. Kenya kuna tatu zenye leseni, TransUnion, Metropol na Creditinfo, na uko na haki ya kupata ripoti yako bure mara moja kwa mwaka. Chukua zote tatu, usichukue moja ukalala. Soma kila mstari: jina, namba ya kitambulisho, kila mkopo, umefungwa ama uko wazi. Mimi nilikuta mkopo wa simu wa benki ingine, 2,300, niliulipa 2021, na bado umeandikwa haujalipwa. Nilikaa chini nikaangalia hio karatasi kama dakika kumi, juu pesa nililipa na meseji ya M-Pesa ninayo. Ukikuta kitu kama hicho, peleka malalamiko kwa hio CRB na kwa benki iliyoandika, zote mbili, na uambatanishe ushahidi. Kumbuka pia benki inafaa ikujulishe siku 30 kabla ya kukupeleka CRB kwa ubaya, na deni la chini ya shilingi 1,000 halifai kuwa limepelekwa. Lakini kama deni ni lako kweli, lilipe, na ujue hata ukilipa historia yake inaweza kukaa miaka 5, itaonyesha umelipa.

Alafu ndio unaandika benki. Usiende tu kusimama kwa kaunta pale tawini, yule dada wa kaunta hana uwezo wa kubadilisha limiti na mtachoshana bure. Andika barua ama imeli, iwe fupi, Kiswahili ama Kizungu ni sawa. Mimi niliandika hivi:

"Tarehe fulani mlishusha limiti ya kadi yangu kutoka 150,000 hadi 80,000. Naomba mnieleze sababu kwa maandishi. Naomba pia kujua kama uamuzi huu ulifanywa na mfumo wa kompyuta peke yake. Kama ni hivyo, naomba uangaliwe upya na mtu, kulingana na kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Nimeambatanisha stetimenti za miezi sita na ripoti yangu ya CRB."

Hio sehemu ya kompyuta watu wengi hawaijui na ndio ina nguvu. Sheria inasema uamuzi unaokuathiri sana ukifanywa na mashine peke yake, lazima ujulishwe, na unaweza kuomba ufikiriwe upya. Haisemi lazima wakurudishie limiti, wacha nikwambie ukweli, benki iko na haki ya kuamua inakopesha nani na kiasi gani, na kwa ile mkataba ulisaini kuna mahali wameandika wanaweza kushusha. Lakini mtu akikaa chini na karatasi zako ni tofauti na kompyuta ikitema namba.

Weka stempu ya kupokelewa kwa nakala yako kama umepeleka kwa mkono. Wakinyamaza, andika tena ukitaja barua ya kwanza na tarehe yake. Wakiendelea kunyamaza kuna Benki Kuu ya Kenya kwa malalamiko ya wateja wa mabenki, na kwa ile mambo ya data kuna ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, fomu unajaza kwa tovuti yao bila kupanda basi ya Nairobi, na sheria inawapa siku 90 kumaliza malalamiko.

Ukingoja jibu, punguza deni. Angalia yangu: 78,000 kwa 150,000 ni asilimia 52, lakini 78,000 kwa 80,000 ni karibu asilimia 98, deni ni lile lile na sasa naonekana mtu aliyefika kooni. Kila elfu tano nikilipa ile picha inabadilika. Nililipa kila Jumamosi nikifunga duka, kidogo kidogo, 3,000, wiki ingine 6,000, kabla ya tarehe ya stetimenti, na pesa ya duka nikaanza kuipitisha kwa hio benki badala ya kuiacha yote M-Pesa. Usifunge kadi kwa hasira, deni litabaki pale pale na riba yake.

Ile 2,300 ilisafishwa CRB baada ya wiki kama tano. Benki walinijibu mwezi wa kumi na mbili, wakanirudisha hadi 120,000, si yote. Vipuri nilikua nimeshavinunua kwa fundi wa hapa Kibuye, vya mitumba lakini vizuri. Na ukipata jibu kama langu, angalia limiti mpya inaanza tarehe gani, mimi yangu ilianza siku tano baada ya barua.