Kumlaza mapema kijana anayekwenda shule alfajiri

Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Anayeamka saa 11 alfajiri awe amelala saa 3 usiku, kwa hiyo maji na kuni viletwe kabla ya magharibi. Kazi za usiku ndizo zinazomwibia usingizi. Chai ya rangi ikome saa 10 jioni. Simu ilale chumba cha wazazi. Neti ichomekwe chini ya godoro.

Jumapili asipitishe muda wa kuamka kwa zaidi ya saa 1, la sivyo usiku usingizi utachelewa.

Akikosa usingizi na furaha kwa wiki 2, mpelekeni kituo cha afya. Akisema anataka kufa, msimwache peke yake, na dawa za shambani zifungiwe kwa kufuli siku hiyohiyo.