Kabla Hujasema "Ling'oe Tu": Mambo ya Kuzingatia Kuhusu Meno ya Mtoto

Anza na karatasi. Kadi ya kliniki yenye tarehe ya kuzaliwa itoke kabatini usiku, si alfajiri watu wakishateremka gatini. "Alizaliwa msimu wa kusi" hakumfai kitu tabibu wa meno. Yeye anataka miaka na miezi, kwa sababu kinywa cha mtoto wa miaka 6 si kinywa cha mtoto wa miaka 8.

Mtoto ale kabla ya kutoka. Sindano ya ganzi haitaki tumbo tupu. Anayetakiwa kufunga ni wa kutiwa usingizi, naye ataambiwa siku yake. Dawa anazotumia zije na paketi zake. Kama alitoka damu isiyokata alipotahiriwa, litaje hilo mwanzo kabisa. Mpelekaji awe mtu mwenye kauli juu ya mtoto, si dada wa miaka 12 aliyepewa nauli na lesso ya kujifunika. Na wanaokuja Lamu kutoka Pate kwa boti zinazopita mlango wa bahari wa Mkanda maji yakijaa, waseme saa ya boti yao mapema ili kazi isifanywe mbiombio. Ganzi hukaa mdomoni saa 2 hadi 3. Mtoto akipewa mahamri ndani ya boti atautafuna mdomo wake wa chini bila kusikia, na jioni utakuwa umevimba kuliko shavu lililompeleka kwa tabibu.

Hayo ni mepesi. Zito ni hili: kabla hujatamka "ling'oe tu, litaota jingine", hesabu meno. Fanya nyumbani, mchana, wala si kazi ya kisomi. Nawa mikono. Mlaze mtoto chali, kichwa kwenye paja lako, uso juu. Mtu mwingine ashike tochi ya simu. Pangusa jino kwa kitambaa safi, maana mate huficha mengi. Weka kidole kwenye mstari wa katikati, baina ya meno mawili ya mbele, kisha nenda nyuma ukihesabu moja moja. Penye pengo hesabu pengo kama jino, la sivyo utakosea.

Meno ya utoto ni 20: kumi juu, kumi chini. Kigawe kinywa mapande manne, kila pande lina matano: mawili ya mbele ya kukatia, chonge moja, magego mawili. Hapo yamekwisha. Meno ya ukubwani ni 32, manane kila pande: mawili ya kukatia, chonge, magego madogo mawili, magego makubwa matatu. Wengi huamini kila jino la ukubwani lina la utoto lililolitangulia. Sivyo. Magego mawili ya utoto hurithiwa na yale magego madogo, kati ya miaka 10 na 12. Magego makubwa hayamrithi mtu. Huota nyuma kabisa, kwenye ufizi mtupu, bila jino kung'oka, bila pengo, bila damu kwenye mto. La kwanza huja kwenye miaka 6 au 7, la pili kwenye 11 hadi 13, la mwisho kuanzia 17 au halioti kabisa.

Kwa hiyo jino la sita kutoka katikati ni la kudumu. Likitoka, limetoka.

Huenda hivi, nyumba baada ya nyumba, Lamu hadi Malindi. Mtoto anatimiza miaka 6, meno ya chini ya mbele yanaanza kucheza. Kila mtu anatazama mbele: shangazi wanamtania kwa mapengo, bibi anauliza la kwanza limetupwa wapi. Wakati huohuo, nyuma ya kinywa, gego la sita linachomoza polepole na hakuna anayelijua. Huchukua miezi mingi kufika usawa wa wenzake. Miezi yote hiyo limo chini yao kidogo, nusu limefunikwa na kipande cha ufizi kama pazia, na mswaki ukipita juu ya magego ya utoto haulifikii. Uso wake una mifereji myembamba na yenye kina; enameli yake, lile ganda gumu la nje, bado changa, haijakomaa. Hapo ndipo ubuyu wa rangi unapokwenda kukaa, na halua, na tende, na chai ya maziwa ya kulalia. Kwenye miaka 7 na nusu mtoto anasema gego linamwasha akinywa maji baridi. Anapewa karafuu. Kwenye miaka 8 halali. Mzazi anachungulia, anaona gego bovu lililopangana na magego ya utoto, anasema ni la utoto hilo, ling'oe tu. Tabibu mwenye foleni ya watu thelathini naye anaweza kuchukua neno la mzazi na kutia sindano. Basi linang'olewa. Familia inangoja lingine. Miaka miwili, mitatu, haliji kitu.

Kinachokuja mara nyingi ni madhara. Gego la saba likiota kwenye miaka 12 huinamia mbele kwenye pengo, limelala ubavu, chakula kinajibana chini yake. Gego la juu lililokuwa likikutana na lile lililotolewa halina tena wa kulizuia, nalo hushuka. Mtoto anahamishia kutafuna upande mmoja. Na kuja kurekebisha hayo kwa waya au jino la bandia ni gharama isiyolingana hata kidogo na kuziba tundu dogo mapema.

Umbo lisikudanganye. Gego la tano, la mwisho la utoto, limeumbwa kama nakala ndogo ya gego la sita: la chini vilima vitano, la juu vinne. Hata mtu wa kazi hii huchanganyikiwa akitazama moja peke yake. Tafuta rangi: la utoto ni jeupe kama maziwa, la sita lina umanjano wa pembe ya ndovu. Tafuta ukubwa na shingo: la utoto ni fupi, limebonyea panapokutana na ufizi kisha likatuna. Lakini ushahidi wa kweli ni hesabu.

Halafu soma namba kwenye kadi kabla ya sindano. Matabibu huandika jino kwa tarakimu mbili. Ya kwanza ni pande la kinywa, ya pili ni nafasi kutoka katikati. Kwa meno ya kudumu pande ni 1 juu kulia, 2 juu kushoto, 3 chini kushoto, 4 chini kulia, kulia na kushoto kwa mtoto mwenyewe. Kwa meno ya utoto pande hizohizo huwa 5, 6, 7 na 8. Basi 75 ni gego la mwisho la utoto chini kushoto, na 36, jirani yake wa ukutani, ni gego la sita. Ukiona 16, 26, 36 au 46 limeandikiwa kung'olewa, simama uulize: haliwezi kuzibwa? Si ujeuri. Wakati mwingine kweli halizibiki, na hapo umri una maana: likitolewa kwenye miaka 8 hadi 10, gego la saba likiwa bado ndani ya taya, laweza kusogea lenyewe na kuziba pengo, hasa la juu. Hiyo ni hesabu ya kupigwa kwa eksirei. Kutibu mizizi yake nako ni kugumu katika umri huo, kwa kuwa mzizi huchukua kama miaka 3 baada ya jino kuota ndipo ncha yake ifunge. Kabla ya hapo uko wazi kama mdomo wa faneli.

Bora kuliko yote hayo ni kulikamata likiwa zima. Mtoto akifika miaka 6, omba mifereji ya magego hayo manne izibwe kwa utomvu maalumu. Hakuna sindano wala kuchimba. Na mpaka liote lote, lipigie mswaki kwa kuingiza kichwa cha mswaki kutokea pembeni ya shavu, kikikatiza safu ya meno badala ya kuifuata. Mzazi ndiye apige; mkono wa mtoto wa miaka 6 haujui kazi hiyo. Anayependa mswaki wa mti autafune ncha mpaka ulainike, lakini ajue kuwa huko nyuma haufiki vizuri.

Sasa usije ukageuka upande wa pili ukasema ya utoto hayana thamani. Gego la tano ndilo linalomzuia la sita lisisogee mbele. Ling'oe kwenye miaka 5 na la sita litatambaa, na likishatambaa, gego dogo linalongoja chini halina mlango. Hubaki ndani ya mfupa au hutokea upande wa ulimi. Likibidi kutoka mapema, uliza habari ya waya wa kushika nafasi. Uliza pia eksirei ndogo kabla, kwa sababu mbili. Mizizi ya gego la utoto imetanuka kama miguu ya kigoda, na katikati yake ndipo limekaa chipukizi la jino la kudumu. Koleo linalochokonoa kwa pupa hulifikia. Na wako watoto ambao gego dogo la pili la chini halikuumbwa kabisa. Kwa hao, gego la utoto ndilo jino pekee watakalokuwa nalo hapo, na laweza kudumu miaka mingi likitunzwa.

Wala usingoje. Enameli ya gego la utoto ina unene wa karibu milimita 1, kama nusu ya la ukubwani, na kiini chenye mishipa ni kikubwa na kiko karibu na uso. Tundu unaloliona kama la kichwa cha pini leo, laweza kuwa limefika kwenye kiini baada ya miezi michache. Kiini kikifikiwa bado kuna tiba: kuondoa sehemu iliyooza na kulivika gego kofia ya chuma. Antibayotiki peke yake hutuliza uvimbe, haitoi uozo. Aspirini usimpe mtoto, wala usiibandike kwenye ufizi; huuchoma. Shavu likivimba na homa, nenda siku hiyohiyo. Jicho likianza kufunga, au uvimbe ukiwa chini ya taya na mtoto hawezi kumeza mate, usingoje maji kujaa wala kupambazuka. Tafuta boti ya dharura.

Meno ya mbele huwatia watu hofu bure. Ya kudumu ya chini yakiota nyuma ya yale ya utoto, safu mbili kama za papa, mara nyingi la utoto huanguka lenyewe na ulimi ukalisukuma jipya mbele. La utoto likiwa gumu kama msumari baada ya miezi kadhaa, peleka. Makali yenye vijino kama vya msumeno ni ya kawaida, na manjano kidogo pia. Mwanya wa juu kwenye miaka 7 hadi 11 usikimbilie kuufunga kwa waya. Mara nyingi chonge zikishuka hupungua wenyewe, na pwani hii nani kasema mwanya ni ugonjwa? Mtoto aliyeanza kuota meno ya juu si kigego wa kuleta nuksi. Utaratibu tu umepishana.

Lakini hili si la kucheka: mtoto mchanga mwenye homa na kuharisha, ufizi wa chonge umevimba, mtu akakwambia ni "meno ya plastiki" yachokolewe. Uvimbe ule ni chonge ya utoto inayojiandaa kutoka. Wakiichimba kwa kitu kichafu, mtoto aweza kufa kwa maambukizi au damu; akipona, chonge ya kudumu iliyokuwa nyuma yake huota imepinda au haioti. Anayeharisha anahitaji maji ya chumvi na sukari ya paketi na zahanati.

Jino likiruka kwa kuanguka, gatini au kwenye mpira ufukweni, uliza kwanza umri. La utoto usilirudishe kamwe. Utaliumiza la chini yake. La kudumu lishike kwa taji, ile sehemu inayoonekana kinywani, usiguse mzizi, usilisugue. Lisuuze kwa maziwa, lirudishe tundu lake, mtoto aume kitambaa, mwende. Ukishindwa kulirudisha, litie ndani ya maziwa, si maji ya mfereji wala tishu kavu. Dakika 60 ni nyingi mno kulingoja likiwa kavu.

Mtoto akifika miaka 10, mpeleke tena hata kama hakuna kinachouma, na kabla ya hapo pitisha kidole juu ya ufizi wa chonge za utoto za juu, upande wa nje. Unatafuta kivimbe kigumu kama punje ya njugu, kulia na kushoto. Ukikipata upande mmoja tu, mwambie tabibu: chonge ya upande wa pili huenda imelala ndani ya kaakaa, ikila mzizi wa jino jirani kimyakimya.