Somo: Kutafuta kazi ya uandishi wa kiufundi wakati soko limedorora

Kampuni ikianza kubana matumizi, mwandishi wa miongozo huguswa mapema, maana wakubwa wengi huamini bidhaa itauzika hata bila maelekezo. Lakini zipo sekta ambako mwongozo ni sharti la sheria. Mimi ningeanzia huko.

Hatua ya 1: Hama uwanja. Wengi wetu tunagombania kampuni za programu tu. Tazama vifaa tiba, mashine na ndege. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2017/745 inadai vifaa tiba vingi viambatane na maelekezo ya matumizi, na mtengenezaji hawezi kukwepa hilo kwa kisingizio cha bajeti. Kwenye ndege, soma kuhusu S1000D, kiwango cha kimataifa cha kuandaa nyaraka za kiufundi, na ASD-STE100, yaani Kiingereza kilichorahisishwa kwa ajili ya mafundi. Hicho cha pili hutolewa bure kwa anayeomba.

Hatua ya 2: Usitafute kwa jina moja. Tangazo laweza kusema mhandisi wa nyaraka, msanifu wa maudhui au msimamizi wa maarifa. Soma majukumu, cheo kipuuze.

Hatua ya 3: Andaa sampuli. Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Chagua programu huria yenye maelekezo mabovu, hasa ya usakinishaji, kwa kuwa hapo ndipo watumiaji hukata tamaa. Fuata maelekezo yenyewe kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuwekwa programu hiyo, uandike kila unapokwama. Kisha yaandike upya, umpe mtu asiyeijua programu hiyo ajaribu huku wewe umekaa kimya. (Kukaa kimya ni kazi kuliko kuandika.) Tuma marekebisho kwa wenye mradi kupitia Git, mfumo wa kutunza matoleo ya faili. Wakikukosoa, afadhali: mwajiri ataona jinsi unavyopokea uhariri. Kwenye sampuli weka maelekezo ya kabla na ya baada, na aya moja inayoeleza msomaji ni nani na alikuwa anakwama wapi. Tatu za namna hii zinatosha.

Hatua ya 4: Waandikie waliokufahamu kazini. Si mameneja pekee. Wahandisi na watu wa huduma kwa wateja ndio wanaojua wapi nyaraka zimeoza.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, kazi zangu zote ziko chini ya mkataba wa usiri. Nionyeshe nini?*
Usizitoe, hata ukifuta majina. Mwajiri makini atajiuliza utafanya nini na siri zake. Tumia hatua ya 3, na kwenye usaili eleza namna ulivyofanya kazi bila kugusa yaliyomo.

*Mwalimu, akili mnemba si imeshatumaliza?*
Rasimu inazitoa haraka, sikatai. Ila yaweza kukuelekeza kwenye kitufe kilichoondolewa toleo lililopita, tena kwa kujiamini kabisa. Kwa hiyo jiuze kwa uhakiki: sema ulijaribu kila hatua, kwenye toleo lipi, na ulikuta kosa gani.

*Nimepewa mkataba wa muda mfupi, malipo kiduchu. Nikubali?*
Inategemea masharti. Iandikwe kwamba marekebisho yana kikomo, mathalani raundi mbili, na kwamba sehemu fulani ya kazi utaruhusiwa kuionyesha. Wakikataa yote mawili, mimi ningeachana nao.