Kabla hujamwita mtu fashisti

Ofisa uvuvi akichoma makokoro, zile nyavu za kukokota, mwaloni wanaposhusha samaki, hazipiti dakika tano utasikia: "Mafashisti hawa!" Hasira huenda ni ya haki, ila neno si lake. Ukitaka kulitumia, lipime kwanza.

Anza na lilikotoka. "Fascio" kwa Kiitaliano ni mtita, kama mtita wa kuni. Benito Mussolini alilipa kundi lake jina hilo huko Milan, Machi 1919. Vijana wake wa mashati meusi walichoma ofisi za vyama vya wafanyakazi na vya ushirika. Oktoba 1922 akapewa uwaziri mkuu wa Italia, na kufikia mwisho wa 1926 vyama vingine vyote vilikuwa vimepigwa marufuku.

Sasa uliza. Je, kuna chama chenye umati nyuma yake na vijana wa kupiga watu mitaani? Kiongozi amewekwa juu ya bunge na mahakama? Vita na ukatili vinasifiwa kuwa ndiyo uanaume wa taifa? Ethiopia, iliyovamiwa na Italia ya Mussolini Oktoba 1935, iliyaonja hayo kwa gesi ya sumu. Swali zito kuliko yote: wanahubiri kwamba taifa limechafuliwa na "adui wa ndani", na litazaliwa upya akishafyekwa? Hili likikosekana, weka neno chini hata kama mengine yapo.

Mjaribu Idi Amin wa Uganda, ambaye wakati wa Vita vya Kagera tulizoea kumwita nduli na fashisti. Alipindua serikali Januari 1971, akawafukuza Waasia 1972, akaua watu wengi mno. Kule kufukuza kunagusa swali lile zito. Lakini hakuwa na chama cha umati. Alisimama juu ya bunduki za jeshi. Huyo ni dikteta wa kijeshi, na kumwita hivyo hakumpunguzii damu hata tone.

Wala chama kimoja peke yake si ufashisti. Tanzania ilikuwa nacho kisheria kuanzia 1965 hadi 1992, na imani ya kwanza ya TANU ilikuwa "binadamu wote ni sawa", kinyume kabisa cha Mussolini.

Turudi mwaloni. Kama umeonewa, sema uonevu. Kama umedaiwa hela ya pembeni, sema rushwa. Andika tarehe, jina la mwalo, nyavu ngapi, macho yake inchi ngapi, nani alishuhudia, na kama ulipewa hati yoyote. Nyavu 6 zilizochomwa bila hati zinachunguzika. Mkuu wa wilaya akiletewa "ufashisti" hana pa kuanzia.